SU, Solex au Weber: ukitaka kukusanya kabureta za zamani uanze na ipi?

Wakuu, kila nikiweka picha ya meza yangu naulizwa swali lile lile. Mtu ana kabureta moja ameikuta kwenye gari ya marehemu baba yake, au kaiokota kwa wauza vyuma chakavu kwa bei ya soda, kanogewa, sasa anataka kuanza kukusanya na anauliza akimbilie aina gani. Wengi wanategemea niseme Weber maana ndo jina wanalolijua, na huwa nawaangusha kidogo. Kwangu mimi jina linakuja baadaye, cha kwanza najiuliza hii kabureta inakufa kwa ugonjwa gani, na mimi hapa nilipo naweza kuuzuia huo ugonjwa au siwezi. Nipo Dar, upande wa baharini kabisa, chumvi inaingia mpaka kwenye kabati la nguo. Shemeji yangu yupo Arusha. Tulinunua Solex mbili zinazofanana siku moja kwa mtu mmoja, tukagawana, na leo hii yake ukiiweka pembeni ya yangu huwezi kuamini zilitoka kwenye boksi moja.

Nalinganisha hizi tatu tu. Za Kimarekani, Carter, Rochester, Holley, naziacha, sio kwamba mbaya ila huku kwetu gari zake zilikuwa chache na spea zake mpaka umsumbue ndugu aliyeko huko. Za Kijapani nitazigusa kwa sababu zina undugu na hizi, na huo undugu watu wengi hawaujui wanatupa mali.

Kwanza zinatofautiana nini

Kabureta zote kazi yake moja, kuchanganya hewa na petroli, ila SU ina akili ya peke yake. Solex na Weber zina koo la ukubwa mmoja, hewa ikipita inavuta petroli kupitia jeti, yaani kitundu cha kupimia petroli, na kwa kuwa jeti moja haiwezi kutosheleza injini ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, na ikiwa inakimbia, wameweka jeti nyingi, ya silensa, ya kati, kubwa, na pampu ndogo ya kumwagia petroli ukikanyaga ghafla. SU ina jeti moja tu. Juu yake kuna pistoni inayopanda na kushuka yenyewe kufuata mvuto wa injini, na chini ya pistoni kuna sindano iliyochongwa kama mkia wa panya imeingia kwenye jeti, pistoni ikipanda sindano inachomoka kidogo petroli inapita nyingi, ikishuka inabana. Basi, hiyo ndo kabureta nzima. Ile kengele ya juu unayoiona ndo nyumba ya pistoni, na ndani ya shingo yake unaweka oili nyepesi kuzuia pistoni isiruke ovyo ukikanyaga moto.

Sasa ukikusanya, tofauti hii ina maana kubwa. SU ukiifungua unahesabu vipande vidole vinatosha, Weber ya DCOE, ile ya makoo mawili ya kulala, ukiifungua bila kupiga picha usiku huo hulali.

SU

Hii ni ya Waingereza. Jina ni kifupi cha Skinners Union, ndugu wawili wa ukoo wa Skinner, George Herbert na Thomas Carlyle, ukoo wenyewe ulikuwa wa biashara ya viatu, na kabureta zao za mwanzo kabisa badala ya pistoni zilikuwa na mfuko wa ngozi unaojikunja kama mfuko wa kinanda. Watu wa viatu, ngozi wataikosaje? Kampuni ilisajiliwa 1910, na 1926 akainunua W. R. Morris, yule mwenye magari ya Morris, ndo maana ukiona Morris, Austin, MG, Mini, Riley, Wolseley ya zamani nyingi zina SU. Jaguar E-Type za mwanzo zilikuja na tatu kwa mpigo, za inchi 2.

Kusoma namba zake ni rahisi ukishaambiwa mara moja. Namba ya mwisho ni sehemu za nane za inchi unazoongeza juu ya inchi moja. HS2 ni inchi 1 na 2/8 yaani 1¼, HS4 ni 1½, HS6 ni 1¾, H8 ni inchi 2. Juu kwenye skrubu moja ya kengele panafungwa kibati kidogo cha alumini kimeandikwa AUD na namba, hicho ndo cheti cha kuzaliwa, kinakwambia ilitoka kwenye gari gani na injini gani. Mafundi wetu wakifungua kengele wanakitupa maana hakifanyi kazi yoyote kwenye injini. Ukinunua SU ina kibati chake usibishane bei, toa hela. Na namba ya AUC iliyotokeza kwenye mwili isikuchanganye, hiyo ni ya kipande kilichomiminwa tu, unaweza kuikuta ile ile kwenye kabureta za gari tofauti.

Uzuri wa SU ni kwamba mwili wake ni alumini, za zamani sana kabla ya vita ni shaba nyeusi, na vyote hivyo vinavumilia. Ugonjwa wake mkubwa ni shafti ya throto, ile ya kibati kinachofungua hewa ukikanyaga mafuta, kula tundu lake. Unashika ncha ya shafti unaitikisa juu chini, ikicheza ujue inavuta hewa ya pembeni, gari haitakaa silensa hata umlipe nani. Hilo linatibika, unachonga tundu unaweka bushi. Na spea zipo, kuna kampuni Uingereza inaitwa Burlen wanatengeneza mpaka leo jeti, sindano, gasketi, hata kabureta nzima mpya. Kwa mkusanyaji hilo ni tamu na chungu, tamu maana hukwami, chungu maana kitu kinachotengenezwa bado bei yake haipandi kihivyo.

Kuna kosa moja nalikuta kila mara. Pistoni na kengele yake vimechongwa vije pamoja, havigusani, hakuna hata pete ya kuziba, ni ule ukaribu wa chuma kwa chuma tu. Mtu ana SU mbili za MG, anazifungua zote kwenye beseni moja anaosha, akirudishia anachanganya pistoni ya hii na kengele ya ile. Kuanzia hapo umepoteza zote mbili na kwa macho huoni kitu. Ukitaka kupima, toa springi, ziba vitundu vya pistoni kwa udongo wa kuchezea watoto, rudishia pistoni ndani ya kengele na ile fimbo ya oili mahali pake, igeuze kichwa chini, shika pistoni uachie kengele ishuke yenyewe huku unahesabu. Za inchi 1¼ sekunde 3 mpaka 5, kubwa kuanzia 1½ sekunde 5 mpaka 7. Ikidondoka pwaa, imekwisha au imechanganywa. Hiki kipimo nakifanya mbele ya muuzaji, ananiangalia kama mganga.

Na huu ndo undugu niliosema. Datsun 240Z, hiyo iliyoshinda Safari Rally 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, ile ya kununua dukani ilikuja na Hitachi mbili ambazo ni SU kwa kila kitu isipokuwa jina. Volvo PV544, gari ya aina ileile aliyoshinda nayo Joginder Singh 1965, zile za Sport zilikuwa na SU mbili. Kwa hiyo mtu akikuuzia "kabureta ya Datsun ina kengele" kwa bei ya chakavu usicheke, lipa uondoke.

Solex

Hii ndo ya nyumbani. Ni Mfaransa, Goudard na Mennesson, ndo hao hao baada ya vita wakatoa ile baiskeli ya mota VéloSoleX. Ila ukiniuliza mimi nakwambia Solex ni ya Tanzania na Kenya, maana Peugeot 403 na 404 zilikuja nayo, Volkswagen Beetle nayo iliyotengenezwa Ujerumani kwa leseni, Land Rover za mwanzo nayo. Land Rover ya kwanza kabisa ya 1948 yenye injini ya lita 1.6 ilikuwa na Solex 32 PBI-2, ikaja Series II ya lita 2.25 na Solex 40 PA-10, halafu kwenye miaka ya 60 mwishoni wakahamia Zenith 36 IV. Hapo namba ni milimita, 32 ni tundu la throto milimita 32, hakuna hesabu ya inchi.

Sasa fikiria ni Land Rover ngapi zilizunguka hii nchi, misheni, serikali, mbuga, mashamba ya mkonge. Hizo 40 PA-10 zilikuwa kibao. Ziko wapi? Fundi alikuwa anaing'oa anaweka Zenith, au baadaye anaweka yoyote ya Kijapani kwa kibati cha kuchonga mwenyewe, ile Solex inatupwa kwenye pipa, pipa linaenda kwa wapima vyuma, wapima vyuma wanayeyusha. Ndo maana nasema kitu adimu sio lazima kiwe cha Ferrari. Mimi nimetafuta 40 PA-10 kamili, yenye diski yake ya kuwashia asubuhi, wenzo wake na springi zake zote za asili, muda mrefu kuliko nilivyotafuta mke.

Lakini ugonjwa wa Solex ndo unaniuma. Nyingi zimemiminwa kwa zamak. Jina limeunganishwa na maneno ya Kijerumani, zinki, alumini, magnesi na shaba, na ilibuniwa Marekani 1929 na kampuni ya New Jersey Zinc hasa kupunguza tatizo la zinki kuoza. Maana zinki ikiwa na uchafu kidogo wa risasi ndani yake inaoza kuanzia ndani kwenda nje. Inavimba, inapasuka nyufa nyembamba kama sahani ya udongo, siku moja unakaza skrubu inabaki na kipande mkononi. Hiyo haina dawa. Zamak safi haiozi hivyo, ila nje inatoa unga mweupe ikikutana na unyevu na chumvi, na vile vitundu vya ndani vya petroli, vingine vyembamba kuliko kijiti cha meno, vinajaa ule unga.

Nilivyoiua moja. Nilikuwa na 32 ya Peugeot 404, kamili kabisa, hata gasketi ya Kifaransa ilikuwa bado imeshika, chafu tu, ina lile tope la kahawia la petroli iliyokauka. Nikasikia kuna mtu anaosha shaba kwa siki inatoka kama dhahabu. Nikaiweka kwenye ndoo ya siki jioni, nikasema nitaitoa baada ya chakula. Mpira ukaanza, nikasahau. Asubuhi naikuta ndoo ina povu la kijivu, kabureta imekuwa kama mfupa uliotafunwa, ile rangi ya dhahabu hafifu ya kiwandani imeondoka yote, kingo zimekuwa mviringo, namba hazisomeki. Siki ni asidi, na asidi na zinki hazikai nyumba moja, hilo la darasa la kemia ya sekondari kabisa na nilifaulu. Ile maiti ninayo bado juu ya kabati, mgeni akiniuliza siki namwonyesha.

Na hilo linahusu magadi makali na sabuni za kuoshea injini pia, zamak haitaki asidi haitaki magadi makali. Mafuta ya taa, brashi ya mswaki, uvumilivu, halafu hewa ya kompresa. Mashine ya kuosha kwa mtikisiko wa sauti ni nzuri kama unayo, ila iwe na maji ya sabuni laini na dakika chache. Mchanga wa kupuliza usiguse kabisa, kabureta yoyote, sio Solex tu. Punje moja ikibaki kwenye kitundu itatoka siku injini inanguruma, na ile ngozi ya kiwandani ikishaondoka mkusanyaji wa Ulaya haitaki tena hata umpe bure.

Wale wa Zenith 36 IV msinune, ni kabureta nzuri ila sura ya juu inapinda kwa sababu kila fundi anakaza zile skrubu kama anakaza tairi. Ikipinda petroli inavuja kutoka chumba kwenda chumba na gari inakunywa balaa. Kioo cha dirisha, msasa laini wa maji, unasugua taratibu kwa mduara mpaka uso wote ung'ae sawa. Imeisha hiyo.

Weber

Haya, tuje kwa mzee wa Bologna. Edoardo Weber alianzisha kampuni yake Bologna 1923, akapotea 1945 vita inaisha na hakuonekana tena, 1952 kampuni ikawa ya Fiat moja kwa moja. Ferrari 250 GTO zilikuwa na Weber sita za 38 DCN zimepangwa juu ya injini kama tarumbeta za bendi. Huku kwetu watu wanaijua kupitia rally, Escort RS1600 aliyoshinda nayo Hannu Mikkola Safari ya 1972, dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, injini yake ile ya BDA ilikuwa inapumua kupitia DCOE mbili za kulala. Wazee waliokuwa vijana wakati huo wakikuelezea ule mlio mpaka wanafumba macho.

Kama kitu cha kushika mkononi, DCOE inazishinda zote, sibishi. Unafungua kinati cha masikio juu kwa vidole, unatoa kifuniko, jeti zote zipo hapo zimesimama kwa safu. Makoo ya ndani yanachomoka, kila moja limepigwa namba yake kwa milimita. Shafti yake inazunguka kwenye beringi, kwa hiyo ule ugonjwa wa SU wa kula tundu huku ni mdogo. Mwili ni alumini, chumvi inaivumilia. Ukitazama magonjwa peke yake basi Weber ndo imara kuliko Solex mara tatu.

Shida ya Weber ni binadamu. Kwanza ni kabureta ya kuchezewa, ilitengenezwa ibadilishwe, kwa hiyo kila aliyeimiliki ameweka jeti zake, makoo yake, mirija yake ya povu, na ukiinunua leo ni nadra iwe na vitu vilivyotoka navyo kiwandani. Kwa mtu wa mbio hilo halina shida, kwa mkusanyaji ni kama kununua kanga pea moja imechanwa. Namba ya nyuma ya jina ndo yenye maana, 40 DCOE 18 kwa mfano ilienda kwenye Lotus Elan na Cortina ya Lotus, 40 DCOE 151 ni ya baadaye kabisa imetengenezwa Hispania. Zote 40 DCOE, zote zinafanya kazi, ila ya kwanza ina gari yake inayoitafuta duniani na ya pili unaweza kuagiza mpya. Angalia maandishi ya Bologna na Italy, angalia ya Spain.

Halafu kopi. Kuna za China zinaingia, kwa picha zinafanana, kwa mkono unajua, ukingo wa alumini una vinundu, herufi zimenenepa, kibao cha jina kimekaa kama stika. Kuna muuzaji mmoja aliniletea mbili "zimetoka kwenye gari ya rally ya mzungu", zina vumbi la kupaka, vumbi lenyewe jekundu kila mahali mpaka ndani ya boksi la plastiki la dukani alilosahau kulitupa. Nikamwambia bana hata vumbi ungelipaka kabla ya kulitoa kwenye boksi. Tulicheka wote, akaondoka nazo, najua aliziuza.

Na Weber moja haina maana. DCOE zinakwenda mbili, tatu, na pea iliyokaa pamoja tangu mwanzo ndo yenye thamani. Kwa hiyo bei unayoisikia ipige mara mbili kabla hujapiga simu. Mwingine atasema Mikuni Solex za Kijapani, zile PHH, zinafanana na DCOE. Kweli zinafanana, na ni leseni ya Solex, sio Weber, nzuri sana, na wanaozijua wanazinyamazia ili wasipandishe bei.

Ukiweka tatu mezani kwa pamoja

Nikiziweka SU HS4, Solex 40 PA-10 na Weber 40 DCOE kwenye sinia moja hivi, SU ndo inayokufundisha haraka. Jioni moja unaifungua, unaielewa, unairudishia na inafanya kazi, ukikosea spea unaagiza. Solex inakufundisha subira, unaweza kukaa wiki mbili na kitundu kimoja. Weber inakufundisha kuwa na hela.

Kupatikana huku kwetu, Solex inazishinda zote ukijua pa kuuliza, na pa kuuliza sio dukani. Ulizia gereji za zamani za misheni, wazee waliokuwa madereva wa serikali, Gerezani kwa wale wenye makopo ya spea za miaka thelathini wasizojua ni za nini, Nairobi zile gereji za Kirinyaga Road ambayo wazee wanaiita Grogan mpaka leo. SU inafuata, hasa Nairobi ambako Waingereza waliacha Morris na Austin nyingi. Weber ya kweli huokoti, unauziwa.

Kuuza tena ukichoka ni kinyume chake kabisa, Weber ya Bologna inaondoka siku hiyo hiyo, SU pea yenye vibati inaondoka mwezi huo, Solex ya Land Rover unasubiri yule mmoja duniani anayetengeneza Series I kwa asili kabisa, ila akija yule habishani.

Kuhusu kuhifadhi, hili nalikaza maana wengi wanaokota vizuri wanahifadhi vibaya. Toa petroli yote, ikibaki inakauka inakuwa gundi, na petroli yenye ethanoli ndo mbaya zaidi maana inavuta maji. Kausha kwa hewa. Paka oili nyepesi kwa brashi nje na tone moja kwenye shafti. Usifunge kwenye gazeti, usiweke kwenye boksi la karatasi wala kabati la mbao mbichi, mbao na karatasi vinatoa mvuke wa asidi taratibu na zinki inaunusa. Usibane kwenye mfuko wa nailoni unaoshika mwili, jasho linabaki ndani. Mimi natumia ndoo za plastiki za rangi zenye mfuniko wa kubana, nimeosha kabisa, chini naweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye viatu, tena vingi, nikiona vimechoka nabadilisha, kabureta inakaa juu ya kipande cha wavu isiguse chini. Kama ni ya zamani sana na floti yake, kile kiboya cha ndani, ni ya gome badala ya shaba, usiitie kwenye thina, ile vanishi inayoizuia isinywe petroli itayeyuka. Na chochote ulichokitoa, jeti iliyolika, gasketi iliyochanika, kitie kwenye kikopo na kikae na kabureta yake, pamoja na kipande cha karatasi ilitoka gari gani na nani alikuuzia.

Sasa uanze na ipi. Kama uko Arusha, Iringa, Nairobi, Nakuru, mahali hewa kavu kidogo na baridi, anza na Solex, kwa sababu zinakwisha na hakuna mwingine atakayezikusanya kwa niaba yetu, Mfaransa anazo zake. Kama uko Mombasa, Tanga, Dar, Unguja, anza na SU, alumini itakusamehe ukijifunza, na ukishindwa kabisa hutakuwa umeua kitu kisichorudi. Weber anza nayo kama una gari inayoihitaji au kama mtu amekuachia urithi, vinginevyo subiri mpaka mkono wako ujue uzito wa alumini ya kweli.

Mimi mwenyewe nimeshindwa kufuata ushauri wangu, nipo pwani na napenda Solex. Ile yangu tuliyogawana na shemeji nilipoona unga mweupe umerudi mara ya tatu nikaifunga kwenye taulo nikapanda nayo basi mpaka Arusha. Sasa hivi tatu zangu nzuri zaidi zinakaa chumbani kwake chini ya kitanda, ndani ya ndoo ya rangi yenye jina langu kwa kalamu nyekundu, na kodi nalipa kwa dagaa, kila nikipanda. Mara ya mwisho alinipigia simu usiku nikadhani kuna msiba, kumbe alikuwa anafanya usafi kakuta kibati cha AUD sakafuni na anataka kujua kimetoka kwenye kabureta gani. Shemeji, Solex haina kibati cha AUD. Kwa hiyo ananunua SU kimyakimya na hajaniambia.